Premio 240: usukani unatetemeka nikishika breki, nataka kubadilisha diski na pedi za mbele mwenyewe nyumbani

Wanale_Dereva

Habari zenu wakubwa. Gari ni Toyota Premio ZZT240, injini ya 1.8, otomatiki. Kwenye mteremko wa kutoka Kapchorwa kuja Mbale, nikishika breki kwa mwendo wa 70 au 80 usukani unatetemeka, na breki zikishapata moto mtetemo unazidi. Mjini kwa mwendo mdogo hausikiki sana. Kuna pia mlio mwembamba wa chuma upande wa kushoto.

Nimefungua tairi la kushoto mbele. Pedi ya ndani imebaki kama mm 2, ya nje bado ina mm 6 hivi. Diski ina mifereji na ukingo wake wa nje umeinuka. Upande wa kulia pedi zote mbili zina mm 5.

Nataka kubadilisha diski zote mbili na pedi nikiwa nyumbani. Uwanja wangu ni wa murram, umeshindiliwa vizuri. Nina jeki ya gari, spana za kawaida na nyundo. Nahitaji nini zaidi? Diski nizikereze au ninunue mpya? Na je, ni lazima kutoa upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki) nikimaliza?

Fundi_Namakwekwe

Karibu ndugu. Hizo pedi za kushoto, mm 2 ndani na mm 6 nje, ndizo zinazotaja ugonjwa. Kalipa ya Premio, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini 2 na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka au zikiingia vumbi, kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Ukifunga diski na pedi mpya juu ya pini hizo hizo, utalipia spea mara mbili. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kwenye pini. Kubadilisha diski ni sehemu nyepesi.

Kuhusu mtetemo, wengi husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ila unene wake haulingani: sehemu moja nyembamba, nyingine nene kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Pedi ikipita pale penye unene inasukumwa, na wewe unausikia usukani. Sababu ni pini zilizokwama, nati za tairi zilizokazwa bila mpangilio, au kutu kati ya diski na habu, yaani kitovu ambacho diski na tairi hufungwa juu yake. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Ila kabla hujanunua chochote, nyanyua gari, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, beringi, boljointi au taroddi (viungo vya tairi na usukani) vinataka kuangaliwa kwanza, maana hivyo navyo hutetemesha usukani na diski mpya hazitavitibu.

Vifaa: stendi 2 za jeki. Hizi si za hiari. Jeki ya gari ni ya kubadilishia tairi, si ya kukaa chini yake. Usiweke matofali badala ya stendi. Tofali la kuchoma linaonekana gumu lakini likilemewa upande mmoja linapasuka ghafla bila kutoa dalili. Kwa murram, tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo miguu inazama. Kisha upate soketi za 14, 17 na 21, spana bapa ya 17, bomba refu la kuongezea mkono wa spana, brashi ya waya, msasa namba 80 na 120, klampu yenye umbo la herufi G, waya mgumu, kopo moja la dawa ya kusafishia breki, na grisi ya silikoni kidogo. Barakoa pia. Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha, ufute kwa kitambaa, ukitupe.

Sasa kazi. Breki ya mkono juu, gia kwenye P, mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Nyanyua, weka stendi kwenye ukingo wa bodi pale palipotengenezwa kubebea, kisha litikise gari kwa mkono kabla hujafungua tairi. Tairi ukishalitoa, lisukume chini ya ukingo wa gari liwe kinga ya pili.

Fanya upande mmoja hadi umalize, ndipo uende wa pili. Upande usioguswa ni ramani yako ukisahau kipande kinakaa wapi.

Geuza usukani ili nyuma ya kalipa itokeze nje. Bolti za kalipa ni 2, kichwa cha 14. Pini ikizunguka pamoja na bolti, ishike kwa spana bapa ya 17. Kalipa ikitoka, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa bomba lake la mpira hata dakika moja: bomba linaharibika ndani, nje huoni kitu. Na kuanzia hapo mtu yeyote asikanyage pedali.

Toa pedi, kisha fungua brakiti, kile chuma kinachobeba kalipa na pedi. Bolti zake 2 ni za 17 na hukaza sana, ndipo bomba la kuongezea linapohitajika. Diski ya Premio haishikwi na skrubu, inashikwa na kutu. Tazama usoni mwake utaona matundu 2 yenye nyuzi: ingiza bolti 2 za M8 zenye nyuzi za 1.25, ukaze moja nusu mzunguko, ya pili nusu mzunguko, hivyo hivyo, diski itajisukuma yenyewe. Nyundo ni ya mwisho, na uitumie tu kama diski hiyo hairudi kazini. Kuipiga kwa nguvu kunaumiza beringi.

Habu ikibaki wazi, tulia hapo. Sugua uso wake wote kwa brashi ya waya, kisha msasa, hasa kuzunguka shina la kila stadi (bolti ya kufungia tairi) ambako brashi haifiki, na kwenye ukingo wa katikati. Pitisha ukucha, usisikie kituo chochote. Chembe ya kutu yenye unene wa karatasi hapo inakuwa mchezo (kuyumba kwa diski ikizunguka) mkubwa zaidi kwenye ukingo wa diski, na Toyota huruhusu mchezo wa mm 0.05 tu. Diski mpya ikianza kutetemeka mapema, hapa ndipo pa kuangalia kwanza.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yasafishe pande zote mbili kwa dawa ya breki na kitambaa safi mpaka kitambaa kisichukue rangi. Dizeli au mafuta ya taa, hapana. Yanaacha utando na pedi zitaunywa.

Pini: zivute zote mbili, futa grisi ya zamani yote, na safisha ndani ya matundu yake. Angalia kwa makini kabla hujazichanganya, pini hizi mara nyingi hazifanani. Moja huwa na kipande cha mpira kwenye ncha au umbo tofauti, na kila moja ina tundu lake. Pini yenye kutu iliyochimba usiisugue ukairudisha, nunua nyingine. Paka grisi ya silikoni utando mwembamba tu. Ukijaza tundu, hewa inabanwa mle ndani na kuirudisha pini nje. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira ya pini, kisha pini inakwama kuliko mwanzo. Ukimaliza, pini iingie na kutoka kwa vidole viwili.

Kurudisha pistoni: weka pedi ya zamani juu yake, fungua kofia ya kopo la mafuta ya breki, kaza klampu polepole sana huku ukitazama mafuta yanavyopanda. Yakikaribia kumwagika, yanyonye kwa sirinji. Yakidondokea rangi ya gari, mwaga maji mengi mara moja, maana yanaondoa rangi.

Pedi yenye ulimi mdogo wa chuma ndiyo inayolia ikiisha, nayo ndiyo inayokupigia mlio wa kushoto. Irudishe mpya mahali pale pale ilipokuwa ya zamani. Safisha njia za brakiti ambamo masikio ya pedi yanapita. Pedi ikilazimishwa kwa nyundo kuingia, kuna kutu bado chini ya kibati kinachokaa kwenye njia hizo. Kaza brakiti, kisha kalipa. Kwenye Corolla za kizazi hicho vipimo vya kukaza ni newton-mita 107 kwa brakiti na 34 kwa kalipa. Thibitisha vya chesisi yako kwenye kitabu chake.

Nati za tairi ni newton-mita 103, kwa mpangilio wa nyota, duru ya kwanza nyepesi na ya pili ya mwisho. Usipokuwa na spana ya kupimia: spana yenye urefu wa sm 30 ikikandamizwa kwenye ncha kwa nguvu ya kilo 35 inakupa karibu kipimo hicho hicho. Kuisimamia kwa miguu ni kupita mbali sana, na ndiyo inayovuruga diski.

Spea_Kisekka

Fundi amemaliza upande wa mikono. Mimi niongezee upande wa kununua, kwa sababu watu wengi hupoteza pesa kwenye kaunta.

Usije dukani ukasema "nipe diski za Premio". Premio 240 ziko NZT240 ya 1.5, ZZT240 ya 1.8 na AZT240 ya 2.0, na usitegemee kwamba diski na pedi zake zote zinaingiliana. Piga picha bati la chesisi lililo ndani ya boneti, na uje na diski ya zamani au vipimo vyake: kipenyo, unene, kimo kutoka uso wa habu hadi ukingo, tundu la katikati, idadi ya stadi. Kimo kikitofautiana hata kidogo, kalipa haikai katikati ya diski.

Pedi: tafuta herufi mbili zilizopigwa muhuri mgongoni au ubavuni, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. F ni msuguano kati ya 0.35 na 0.45, E ni 0.25 hadi 0.35, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa anayeshuka Kapchorwa, FF ndiyo ningempa. EF si ya kudharauliwa, lakini ikiwa baridi itakutaka ukanyage zaidi. Pedi isiyo na herufi, isiyo na namba ya toleo, na boksi lake lina maandishi yaliyokosewa, irudishe hata kama bei inavutia. Angalia pia jinsi kitambaa cha pedi kilivyoshikana na bati lake. Ukiona ufa au gundi iliyovuja pembeni, hiyo inaweza kubanduka ikipata moto.

Pedi za mtumba hapana kabisa. Diski za mtumba zinazungumzika, mradi uje na venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene.

Na pedi hununuliwa seti ya ekseli nzima, vipande 4, usije kuchukua za kushoto tu kwa sababu za kulia zina mm 5. Gari litavuta upande mmoja.

Kukereza: mimi siungi mkono kwa hali uliyoeleza. Ukingo ulioinuka una maana diski imeshaliwa sana. Tafuta maandishi ya kiwango cha chini kwenye diski yenyewe, huanza na MIN TH. Diski iliyokuwa mm 25 ikiwa mpya mara nyingi ina kiwango cha chini cha mm 23. Yaani una mm 2 tu za maisha yote, mm 1 kila upande. Mashine ya kukereza ikichukua kidogo kila upande kuondoa mifereji, unabaki na diski nyembamba inayopata moto haraka.

Fundi_Namakwekwe

Hapo kwenye kukereza nakubali nusu. Diski yenye mm 24.5 na mtetemo, ikikerezwa vizuri na mtu mwenye mashine nzuri, inafaa. Tatizo ni kwamba wengi hawapimi kabla wala baada. Apime kwanza ndipo aamue.

Kupima kuna ujanja wake. Ule ukingo ulioinuka unaizuia venia, utasoma unene wa ukingo usiotumika. Weka sarafu ya shilingi 100 kila upande wa diski, ndani ya ukingo kama sm 1, zibane kwa venia, usome, halafu toa unene wa sarafu zote mbili. Rudia sehemu 6 hadi 8 kuzunguka. Ukikuta tofauti kati ya sehemu na sehemu, hiyo ndiyo mtetemo wako.

Wanale_Dereva

Nawashukuru sana. Nimepima kwa njia ya sarafu: kushoto kuna mahali pana mm 22.8, pengine 22.9. Diski imeandikwa 23. Kwa hiyo ni mpya, hakuna mjadala. Pini ya juu ya kushoto imegoma kabisa, inazunguka kwa shida na haitoki. Na bado sijaelewa suala la kutoa upepo. Mafuta yaliyomo ni meusi kama chai ya rangi.

Dada_Mekanika_Tororo

Kaka, kubadilisha diski na pedi peke yake hakufungui njia ya mafuta, kwa hiyo hakuna upepo unaoingia na hakuna wa kutoa. Lakini kwa rangi hiyo, mafuta yenyewe yabadilishe, na sababu si usafi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji asilimia 3.7 kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Sipi, mafuta ya zamani yanaweza kuchemka ndani ya kalipa, yakatoa mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, basi pedali inazama hadi sakafuni bila breki. Miaka 2 ndiyo muda wa kawaida wa kuyabadilisha.

Soma kofia ya kopo. Ikisema DOT 3, unaweza kuweka DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki, usiiguse. Lita 1 inatosha magurudumu yote manne. Chupa iliyokaa wazi stoo usiitumie. Na mafuta ya injini au ya usukani yasiingie humo hata tone, maana yanavimbisha sili zote (mipira ya kuzuia mafuta kuvuja) hadi silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali.

Utaratibu: nyonya mafuta ya zamani kwenye kopo, jaza mapya. Anza tairi lililo mbali zaidi na silinda kuu: kwa usukani wa kulia, nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Visha bomba jembamba la plastiki kwenye nipo, yaani skrubu ndogo ya kutolea mafuta na hewa kwenye breki ya kila tairi, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia, wewe ufungue nipo robo mzunguko, ufunge, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inaingia. Asizamishe pedali mpaka sakafuni. Kwa gari la umri huo pistoni ya silinda kuu inapita mahali penye kutu ambapo haijafika miaka mingi, na sili zake zinakatika. Mwekee kipande cha ubao chini ya pedali. Kopo lisishuke chini ya alama ya chini, la sivyo unaanza upya.

Nikirudi kwa fundi, nina jambo moja kuhusu kurudisha pistoni. Kwa mafuta machafu hivyo, afadhali afungue nipo wakati anakaza klampu, uchafu utoke kwenye bomba badala ya kurudishwa juu kwenye moduli ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi kukwama ukishika breki). Afunge nipo kabla ya kulegeza klampu.

Pini iliyogoma: usiivute kwa koleo ukaikwaruza. Fungua brakiti uiweke mezani, nyunyizia dawa ya kulegeza kutu, iache saa chache, kisha izungushe kwa spana ya 17 kushoto na kulia kidogo kidogo huku ukiivuta. Ikikataa, pasha moto brakiti, si pini, baada ya kutoa mipira yote. Tundu likiwa limeliwa na kutu, tafuta brakiti nyingine, hiyo hata ya mtumba inafaa. Seti ya mipira na pini inauzwa, nunua.

Na tazama mpira wa vumbi wa pistoni. Ukiwa umepasuka na pistoni ina kutu, usiisukume ndani, itakata sili. Hiyo inataka seti ya sili au kalipa nyingine. Ukinunua kalipa, hakikisha nipo inakaa juu. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto nipo inaangukia chini, na utatoa upepo mpaka usiku bila pedali kusimama.

Wanale_Dereva

Nimeelewa dada, asante. Nikishafunga kila kitu, naweza kwenda Kapchorwa siku hiyo hiyo?

Dada_Mekanika_Tororo

Hapana. Kwanza, kabla gari halijasogea hata mita moja, kanyaga pedali taratibu mara nyingi mpaka iwe ngumu juu. Pistoni zimerudishwa ndani, kanyagio la kwanza litazama, na uwanja wenye mteremko hautakusubiri. Angalia kopo, jaza hadi alama ya juu. Zungusha kila tairi kwa mkono: mkwaruzo mwepesi ni sawa, kukwama si sawa. Ikikwama, fungua nipo. Tairi likiachia, kuna presha iliyonaswa, shuku bomba la mpira. Lisipoachia, ni pistoni au pini.

Kisha nenda barabara ya Tirinyi, ambako ni tambarare, asubuhi mapema isipokuwa na magari. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 20, breki ya wastani, bila kusimama kabisa, kama mara 10, na kati ya kila moja endesha nusu dakika hadi dakika nzima zipoe. Halafu endesha dakika 10 bila kuzigusa sana. Usisimame umekanyaga breki zikiwa moto, pedi itaacha alama yake kwenye diski na mtetemo utarudi. Harufu kidogo ya kuungua mwanzoni ni ya kawaida, moshi si wa kawaida.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Upande mmoja ukiwa moto zaidi waziwazi, pini au pistoni ya hapo bado inashika.

Fundi_Namakwekwe

Kaza tena nati za tairi baada ya kilomita 50 hadi 100, matairi yakiwa yamepoa. Na siku ukishuka kutoka Sipi, zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki), kisha weka gia kwenye 2, injini ibebe gari. Shika breki kwa nguvu kidogo, achia, shika tena. Kuiegemea mfululizo ndiko kunakopika diski. Ukishafika chini zikiwa moto, usipite kwenye maji wala kuosha matairi hapo hapo.

Mafuta ya zamani usiyamwage uwanjani. Yaweke kwenye chupa yenye kofia, uiandike, mbali na watoto, uyapeleke gereji inayokusanya oili chafu.